Nusu ya kitambaa
Nililelewa na mama mdogo baada ya wazazi wangu kufariki, kwa hiyo habari za yatima hunigusa sana. Kulikuwa na makao ya watoto walioachwa, kule London, yaliyoanza kuwapokea mwaka 1741. Nahodha Thomas Coram aliyapigania miaka 17, kwa kuwa aliona vichanga vimetupwa barabarani.

Mama aliyemwacha mwanawe pale aliacha na alama: kitufe, sarafu iliyochongwa, au kitambaa kilichokatwa vipande viwili. Nusu moja ilibanwa kwenye karatasi ya mtoto, nyingine akaondoka nayo. Mtoto alipewa jina jipya, sasa bila ile nusu mama angemdai vipi? Wengi hawakurudi. Vitambaa vingi vimehifadhiwa hadi leo.

Mimi nina kitambaa cha kichwa cha mama, nimekikunja sandukuni.