Siku babu alipoupapasa ukuta wa Kilwa

Juni 2004 nilikuwa darasa la sita, na babu mzaa mama alikuwa ameshaacha uashi kwa sababu ya mgongo. Tulipanda mashua asubuhi pale Kilwa Masoko. Kusi ilikuwa inavuma, na mlangobahari ule, ambao haupati hata mwendo wa saa moja kwa tanga, ulitulowesha mpaka viunoni.

Kijana wa Idara ya Mambo ya Kale alitupokea Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa zamani, kwa shikamoo. Mimi nilikuja na historia ya darasani: Ali bin al-Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, dhahabu ya Sofala ilipita hapa, msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Nikayasema yote njiani. Babu akawa anaitikia, "Enhe."

Mlangoni mwa Msikiti Mkuu alivua makubazi. Hakuna aliyemwambia, na upande wa zamani hauna hata paa. Akaweka kiganja ukutani, akapapasa pembe ya kibla.

"Tumbawe hili lilichongwa bichi, mjukuu wangu, likiwa ndio kwanza limetoka majini. Likikauka halikubali tezo."

Akanieleza jinsi magogo yanavyopangwa duara, matumbawe yakawekwa juu, yakachomwa mpaka yawe chokaa. Na chokaa hiyo huachwa inyeshewe kabla ya kuguswa. Upana wa chumba, akasema, hauzidi urefu wa boriti ya mkoko. Ndiyo maana aliposimama chini ya kuba za msikiti, ambazo hazikuhitaji boriti hata moja, alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza.

"Huyo Mshirazi wako alileta nguo," akasema baadaye. "Chokaa nani aliichoma?"

Kitabu changu hakikuwa na jibu. Nililisikia swali hilo tena Husuni Kubwa, katika jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100, nikiwa nimekaa ukingoni mwa birika la pembe nane.

Tulimalizia Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno 1505 na kujengwa upya na Waomani. Maji yalikuwa yanaulamba msingi, na mawe yameanguka ufukweni. Mwaka huohuo UNESCO iliyaingiza magofu haya katika orodha ya urithi ulio hatarini; yalikuja kutolewa 2014. Babu hayo hakuyajua. Aliona ufa uliozibwa kwa saruji, akakunja uso kama aliyeumizwa yeye.

"Mwanangu, saruji usiitie hapa. Inaubana ukuta, haupumui, chumvi inaula kwa ndani."

"Sasa tutie nini, mzee?"

Babu akaketi juu ya jiwe, akaanza tangu kuchagua kuni. Nahodha alikuwa anaita, maji yanapwa. Kijana akageuza kitabu chake cha risiti, akawa anaandika.