Safari hii tovuti ni yangu kweli

Jamani, leo nimeshindwa kukaa kimya. Tovuti ya biashara yangu ya kushona iko hewani tena!

Yule fundi wa kwanza alinitengenezea kwa bei ya chini sana, nikaona nimepata. Kumbe domeni, yaani anwani ya tovuti, aliisajili kwa jina lake. Mwaka ulipoisha simu hapokei, tovuti ikazimika, wateja wakawa wananiuliza kama nimefunga biashara. Iliniuma sana.

Mara hii domeni nimesajili mwenyewe, kwa barua pepe yangu, na nywila zote ninazo mimi. Nimetumia WordPress, programu ya bure ya kutengenezea tovuti iliyoanza mwaka 2003, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt, kinacholinda taarifa zinazopita kati ya tovuti na mteja, nacho hakilipiwi. Ninacholipia ni domeni na nafasi kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, basi. Na kabla ya kulipa ulizeni bei ya mwaka wa pili, maana wa kwanza huwa rahisi halafu unaofuata unapanda.

Kurasa ni tatu tu. Picha nilikesha nazo, nikizipunguza ukubwa moja moja ili zifunguke haraka kwenye simu. Asubuhi mteja kapiga: "Lile gauni la kijani bado lipo?"