Siku Moja ya Fundi wa Kurekodi Kwaya: Nyimbo 10, Kadi Moja

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya waya na maiki, nafungua daftari. Wengi wakisikia fundi wa kurekodi wanafikiria kusogeza vitufe tu. Ukweli ni kwamba nusu ya kazi ni kuhakikisha wimbo ulioimbwa asubuhi unaonekana usiku.

Mashine ya kurekodia ni Zoom R16: inapokea maiki 8 kwa wakati mmoja, ina traki 16 (njia za sauti, kila moja peke yake), inaandika kwenye kadi ya SD isiyozidi GB 32. Kadi naiformati, yaani naisafisha iwe tupu, kwenye mashine yenyewe. Traki moja kwa ubora wa biti 24 na 44.1 kHz inakula karibu MB 8 kwa dakika. Traki 8 ni MB 64. Wimbo wa dakika 5 ukirudiwa mara 3 unakaribia GB 1.

Saa 2, kwaya imefika. Tundu la kuchomekea maiki la 1 hadi la 4 ni sauti ya kwanza mpaka ya nne. La 5 na la 6 ni maiki za kondensa za kunasa ukumbi, kwa sababu maiki hizo zinahitaji umeme, na matundu hayo ndiyo yenye umeme wa volti 48. Kinanda kinaingia 7 na 8. Mpangilio huo hauguswi mpaka jioni.

Saa 3 tunaanza, na hapa ndipo penye jasho. Ukirekodi tena juu ya traki ileile, uimbaji wa kwanza unafutika. Kwa hiyo kila jaribio nalifungulia projekti yake, yaani folda yake kwenye kadi: W04A, W04B, W04C ni wimbo wa 4, jaribio la kwanza, la pili, la tatu. Inachukua nusu dakika, na nusu dakika hiyo mwalimu wa kwaya haitaki. "Fundi, acha iende tu, wameshashika sauti!" Namwomba asubiri. Kisha anaruka wimbo wa 5, anaimbisha wa 7, anarudi wa 4 kwa sababu sauti ya tatu ilishuka. Namba ya wimbo haibadiliki hata ukiimbwa mwisho. Daftarini naandika: W04D, projekti 014, ubeti wa pili safi, mwisho kikohozi. Mwalimu akisema "hiyo ndiyo", projekti hiyo naifungia isifutike kwa bahati mbaya.

Mchana chakula, kisha nyimbo zilizobaki. Joto, feni zimezimwa kwa ajili ya maiki, watu wamechoka, majaribio yanaongezeka. Wimbo wa 7 peke yake ulifika F, jaribio la sita.

Usiku sasa, kadi iko kwenye kompyuta. Majina niliyoandika kwenye mashine hayaonekani huku. Kuna folda PROJ000, PROJ001 na kuendelea, na ndani ya kila moja faili zilezile: MONO-000.WAV hadi MONO-007.WAV. Anayezimwaga zote kwenye folda moja, faili za wimbo mmoja zinafunika za mwingine. Nakopi folda nzima kwanza, naibadilisha jina kufuata daftari, ndipo nabadilisha faili: W04D_sauti1, W04D_sauti2. Kwenye kadi yenyewe sibadilishi jina la kitu chochote, maana mashine itaitafuta faili na isiione.

Nakala ya pili inaingia kwenye diski ya nje. Nafungua kila wimbo uliochaguliwa, nasikiliza mwanzo na mwisho, naweka tiki daftarini. Kadi haiformatiwi mpaka tiki zifike 10. Sasa hivi ziko 9, bado W07F.