Picha za Lou Shu na safari ya uzi wa hariri

Katika karne ya 12, mwanzoni mwa utawala wa Song ya Kusini nchini China, mkuu wa wilaya ya Yuqian, karibu na Hangzhou, aliyeitwa Lou Shu, alichora picha 45 za kazi za wakulima: 21 za kilimo cha mpunga na 24 za hariri. Kila picha aliitungia shairi, kisha akazifikisha zote kwa Mfalme Gaozong. Michoro yake ya asili imepotea, lakini ilinakiliwa kizazi baada ya kizazi, na toleo ninalolirudia mara kwa mara ni la mwaka 1696, lililochorwa na Jiao Bingzhen kwa amri ya Mfalme Kangxi, likachongwa kwenye mbao na kupigwa chapa. Jiao alitumikia idara ya falaki pamoja na wamisionari wa Kijesuiti, akajifunza kwao kuchora vitu vya mbali vikipungua ukubwa, kwa hiyo jicho linaingia hadi ndani kabisa ya nyumba.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba kitanda cha mfumi kinachelewa sana kuonekana. Sisi tunaovaa hariri humfikiria mfumaji kwanza, ilhali zaidi ya nusu ya picha za hariri zimekwisha pita kabla uzi wa kwanza haujatandwa. Nafasi hiyo yote wamepewa viwavi wanaotoa hariri, ambao kwa muda wa karibu mwezi mmoja hula majani ya mforsadi usiku na mchana, wakitulia mara nne tu ili kujivua ngozi. Wanaowahudumia ni familia nzima: wanaume hupanda miti kuchuma majani, wanawake huwapanga viwavi upya katika vyano vipana ili wasisongamane, na viwavi wanapoanza kujizungushia vifukofuko vya uzi, makaa ya moto huwekwa chini ya vichanja vyao ili wasipatwe na baridi.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya kuvuta uzi. Vifukofuko vinaelea katika sufuria ya maji ya moto, ambayo hulainisha gundi inayoshikilia uzi, na mwanamke anashika ncha za vifukofuko kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa uzi wa kimoja, ingawa hufikia mita 900, ni mwembamba mno kutumika peke yake. Nyuzi hizo huungana na kuzungushwa kwenye gurudumu. Kazi hiyo haingoji, kwa sababu nondo, yaani kiwavi aliyekwisha geuka mdudu mwenye mabawa, akitoka hutoboa kifukofuko na kuukata uzi, na ndiyo maana vifukofuko vilivyozidi uwezo wa wavutaji vilitiwa ndani ya mitungi pamoja na chumvi ili viumbe vilivyomo vife.

Baada ya hapo mambo huenda haraka: mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa, hutayarishwa, hariri hufumwa, hutiwa rangi, hufumwa tena kwa maua, hukatwa na kushonwa nguo.

Hata hivyo, mara baada ya sufuria, mchoraji amewakumbuka nondo wachache walioachwa watoke wakiwa hai. Kwa kufugwa muda mrefu hawawezi tena kuruka. Hupandana papo hapo na majike hutaga mayai juu ya karatasi. Karatasi kama hizo ndizo zinazooshwa majini katika picha ya kwanza ya hariri.