Jiwe la mizani lililobadilika uzito

Grafu ya PCK1, jeni ya kimeng'enya kinachosaidia ini kutengeneza glukosi, ilikuwa imelala sawa kabisa. Tuliipima kwa qPCR, njia ya kukadiria RNA ya jeni kwa kurudufisha nakala zake mzunguko kwa mzunguko. Ini la ng'ombe wiki tatu kabla ya kuzaa, na ini la ng'ombe huyohuyo siku kumi baada ya kuzaa, yote yalionekana kufanya kazi ileile. Haliwezekani hilo. Glukosi inayofyonzwa kutoka tumboni mwa ng'ombe ni kidogo mno, maana vijidudu vya tumbo la kwanza hugeuza wanga kuwa asidi fupi za mafuta; karibu glukosi yote hutengenezwa na ini, hasa kutokana na propionati. Maziwa yakianza kutoka, mahitaji hayo hupanda ghafla, na kimeng'enya cha PCK1 ni mojawapo ya vinavyobeba mzigo. Damu ya wanyama wale ilikuwa imeshasema yake: asidi za mafuta huru zilikuwa juu, na baadhi yao walikuwa wamevuka milimoli 1.2 za BHB (beta-hidroksibutirati, ketoni ya damu) kwa lita, kiwango ambacho wengi hukitumia kutambua ketosisi isiyoonyesha dalili.

Kwanza tulishuku pipeti. Tukazipima kwa kudondosha maji juu ya mizani, zikawa sawa. Tukashuku RNA, lakini uwiano wa ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280, kipimo cha usafi wake, ulikuwa karibu na 2.0 na molekuli hazikuwa zimekatikakatika. Siku mbili zikaishia hapo.

Siku ya tatu ndipo tulipofungua Ct ghafi (idadi ya mizunguko hadi mng'ao uvuke kizingiti) za GAPDH peke yake, jeni rejea yetu, yaani ile inayodhaniwa haibadiliki na ambayo nyingine hupimwa dhidi yake, tukazipanga kwa kufuata siku ya kuzaa. Kazi ya dakika kumi, nayo ilipaswa kutangulia mengine yote. Kila mrija ulikuwa umeanza na nanogramu 500 za RNA, kwa hiyo jeni rejea ilitakiwa kutulia. Ct yake ilishuka kwa karibu mzunguko mmoja baada ya kuzaa.

Mzunguko mmoja ni maradufu. PCK1 nayo ilikuwa imeshuka mzunguko mmoja. Ukitoa Ct ya GAPDH kwenye Ct ya PCK1, tofauti inabaki ileile, na ongezeko la mara mbili linatoweka kwenye hesabu bila kuacha alama. Jiwe la mizani lilikuwa likiongezeka uzito pamoja na bidhaa. Wala si ajabu: GAPDH ni kimeng'enya cha njia ya kuvunja glukosi, na katika ini hatua yake hutumika pia kurudi nyuma kuitengeneza. Kuitumia kama rejea katika utafiti wa umetaboli ni kumwomba mshtakiwa awe shahidi.

Mmoja wetu alipendekeza 18S, RNA ya ribosomu, iwe rejea. Tuliikataa. RNA ya ribosomu ni zaidi ya asilimia 80 ya RNA yote, hivyo hujitokeza mapema sana kuliko jeni tunazozipima. Tena haina mkia wa A, na cDNA yetu, yaani nakala ya DNA ya RNA ile, ilikuwa imetengenezwa kwa oligo-dT, ambayo hushika mkia huo.

Tukachagua jeni 10 za kujaribu, kila moja ikiwa na kazi yake ndani ya seli, na GAPDH tukaibakiza ili tuione ikishindwa. Kila jeni ilipimwa kwa sampuli zote kwenye bamba moja, ili tofauti ya bamba na bamba isionekane kama tofauti ya ng'ombe na ng'ombe. Kwa kila jozi ya praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha urudufishaji wa jeni, tulitengeneza mfululizo wa myeyusho wa ngazi tano na kukubali ufanisi wa asilimia 90 hadi 110. Mteremko wa -3.32 wa mstari wa Ct dhidi ya logi ya kiasi ndio asilimia 100. Mirija isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA ilikuwa ya lazima, kwa sababu GAPDH ina nakala bandia nyingi kwenye DNA, na DNA kidogo iliyosalia inatosha kupotosha.

Mtego mkubwa ulikuwa ndani ya geNorm, programu ya kupanga jeni rejea kwa utulivu wake. Programu hiyo huzipa nafasi ya juu jeni mbili zinazokwenda sambamba, hata kama zinapanda pamoja. Tulikuwa tumeweka RPS9 na RPS15, zote za protini za ribosomu, nazo zikaongoza orodha kwa mbali. Tulipoiondoa moja, mpangilio ukabadilika. NormFinder, programu nyingine ya aina hiyo, ilitusaidia zaidi hapo, kwa kuwa tuliipa makundi mawili, kabla na baada ya kuzaa, nayo ikapima tofauti kati ya makundi na ndani ya kundi. GAPDH ilikuwa ya mwisho. Tulibakiza tatu, kwa kuwa V ya 3/4, kipimo cha geNorm cha badiliko linaloletwa na kuongeza jeni ya nne, ilikuwa chini ya 0.15, na tukagawanya kwa wastani wake wa kijiometri.

cDNA ya PCK1 ilikuwa bado kwenye friza. Bamba moja, mchana mmoja, na mstari ukapanda baada ya kuzaa, pamoja na asidi za mafuta za damu.

Sampuli za mafuta ya chini ya ngozi zilipofika, zile tatu za ini hatukuzibeba. Tulizungusha kila sampuli iliyosagwa kwenye baridi ya nyuzi 4, tukaondoa tabaka la mafuta kabla ya kutia klorofomu, tukaanza upya na jeni zote 10.