Mguu wa shangazi chini ya ziwa

Picha imekubali jana, saa saba usiku, baada ya wiki tatu za kuihangaikia. Wanawake saba wanacheza ngoma kwenye sakafu ya Ziwa Tanganyika, kanga zimefungwa viunoni, migongo imetugeukia. Juu yao, mbali sana, kuna vitone vya mwanga. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Niliiangalia mpaka chaji ikaisha, nikaendelea kuiona gizani.

Wazo lilinijia nimekaa barazani, hapa Ujiji, usiku mmoja wa giza. Wavuvi wetu husubiri giza, maana dagaa hufuata taa; mwezi ukiwa mkubwa nyavu hupumzika. Usiku kama ule ziwa huwa na taa nyingi hadi ungesema mji mwingine umejengwa majini. Nikajiuliza: aliye chini anazionaje? Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Nikaona kabisa watu wako kule chini, wanacheza.

Kuchora sijui. Natumia programu ya akili mnemba: unaandika maneno, inakupa picha. Inaanza na chenga tupu, kama zile za televisheni ya zamani iliyokosa stesheni, kisha inazisafisha hatua kwa hatua ikifuata maneno yako, mpaka umbo linatokea. Niliwahi kuisimamisha katikati. Ulikuwa ukungu tu, na ndani ya ukungu bega la mtu. Bega lile nililipenda kuliko picha nyingi zilizokamilika.

Cha ajabu, ziwa halikunisumbua hata kidogo. Unaiambia weka wachezaji chini ya maji, inaweka, bila swali. Iliposhindwa ni kwa vitu ninavyoviona kila Jumamosi harusini. Niliomba wanawake wa Kigoma, nikaletewa shanga za Kimasai shingoni. Niliomba ngoma, zikaja zile za Afrika Magharibi zenye kiuno chembamba. Njuga haikuzijua kabisa; nilipozieleza kwa Kiingereza kuwa ni kengele ndogo za miguuni, nikapata kengele za Krismasi. Programu za namna hii zimefunzwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake, na sisi huko tumo wachache. Wengine tumo bila majina, tumeandikiwa tu kwamba ni Waafrika wanacheza. Iliniuma. Bado inaniuma.

Nikamwonyesha shangazi mojawapo ya picha zile, iliyokuwa nzuri kuliko nyingine. Shangazi amecheza ngoma za harusi tangu mimi sijazaliwa. Akaishika simu, akaisogeza mbali na macho, akasema:

"Huyu hachezi, mwanangu. Kasimama apigwe picha."

"Umejuaje, shangazi?"

"Mguu haujashika chini. Mtu akicheza, ardhi inajua."

Akaweka ungo wa mchele pembeni, akakaza kanga, akasimama uani. Alianza kwa goti, likalegea kidogo, ndipo kisigino kikashuka. Vumbi lilitoka katikati ya vidole, si pembeni kama nilivyokuwa nikidhani siku zote. Kidole kidogo cha mguu wa kulia hakikugusa chini hata mara moja. Nilipiga magoti nikapiga picha zaidi ya arobaini za miguu yake, naye akanipa sharti moja: "Miguu chukua. Sura yangu acha."

Ndiyo maana wale saba wametupa mgongo. Nimefikiria sana sharti lile. Katika mabilioni yale, ni wangapi waliulizwa? Shangazi aliulizwa, akatoa nusu, na nusu ile inatosha.

Programu inaweza kuanzia kwenye picha yako badala ya chenga tupu. Inaimwagia chenga kwa kiasi unachochagua, halafu inasafisha. Ukiweka chache, ua wetu unabaki ulivyo, hadi ungo unaonekana. Ukizidisha, shangazi anapotea na mguu wa mtu nisiyemjua unachukua nafasi yake. Nilipanda na kushuka usiku kadhaa, hadi katikati kidogo kupita nusu: ua ukageuka sakafu ya ziwa, vumbi likageuka tope linalopanda polepole, na kidole kidogo kikabaki hewani. Nilipokiona nilipiga kelele, mama akaamka.

Baada ya hapo niligombana na samaki. Kila picha ilijaza samaki, wazuri wa rangi rangi. Lakini ziwa letu, ukishapita mita kama 200, halina oksijeni, na samaki hawaishi kule. Nikaandika neno samaki kwenye sehemu ya vitu visivyotakiwa, mara tatu, ndipo wakaondoka. Taa za wavuvi nazo, kwa haki, zisingefika chini kule. Hizo nimeziacha. Nilitaka jambo moja tu lisiwezekane, wanawake wale kucheza kule chini na mwanga kuwafikia, na vingine vyote viwe kweli, hadi fundo la kanga.

Leo asubuhi nilimpelekea shangazi. Nilimwamkia, nikakaa karibu yake mkekani. Ziwa hakulisemea neno. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akapita mguu baada ya mguu, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayehesabu. Kisha akauliza:

"Na ngoma anapiga nani?"

Nimeitazama picha nzima, pembe kwa pembe. Hakuna mpigaji. Wiki tatu sikumkumbuka.

Kesho baada ya Alasiri nitakwenda kwa mzee anayepiga ngoma mtaa wa pili, nikamwombe mikono yake.