Yusufu Alianza na Nyuso

Somo la juma: Mwanzo 40

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili nawaomba tukae kwenye sura ambayo wengi wetu huipita upesi tukikimbilia ndoto za Farao. Mnyweshaji na mwokaji wa mfalme wa Misri wamo kifungoni, wameota usiku mmoja kila mtu ndoto yake, na asubuhi Yusufu anapowajia hawaulizi wameota nini. Anawatazama, kisha anauliza, "Mbona nyuso zenu zimekunjamana leo?" Ndoto wanaitaja wao wenyewe. Naye, kabla hajasikia hata neno moja la ndoto hizo, anawaambia kwamba kufasiri ni kazi ya Mungu. Katika miaka niliyohudumu kwenye ushauri wa kichungaji hapa Moshi, nimeona jinsi tulivyougeuza utaratibu huo: tunaanza na tafsiri, na uso wa mtu hatuutazami kabisa.

Huku kwetu ndoto haikai bila mwenyewe. Mtu akimwota marehemu baba yake amesimama kihambani, yaani shambani mwa ukoo, chini ya migomba, kabla ya jioni ukoo umeshajua, na kila mmoja ana lake la kusema juu ya anachodai mzee. Akiota anakula nyama, ataambiwa amelishwa usiku na wachawi. Akiota nyoka, basi ana adui. Tafsiri hizo zimeingia hadi kwenye maombezi, na kuna mahali ambapo tofauti kati ya mfasiri na mpiga ramli ni Biblia tu iliyowekwa mezani. Sijitoi katika lawama hiyo. Zamani ndugu mmoja aliniambia ameota nyoka ndani ya droo ya meza yake ya kazini, nami nikamjibu palepale kwamba ajihadhari na mtu wa karibu. Juma halikuisha kabla hajampata mtu huyo, na urafiki wa miaka mingi ukafa kwa neno langu, ambalo sikulitanguliza hata kwa swali moja.

Niliikumbuka droo ile mwaka jana, dada mmoja wa Majengo (ameniruhusu nisimulie bila jina) aliponijia baada ya ibada ya jumuiya. Alikuwa amemwota marehemu mama yake mara tatu, amesimama kwenye mlango wa jiko la nje, ameshika sufuria tupu, hasemi kitu. Alikuwa ameshafasiriwa kwamba wifi yake, mke wa kaka yake, amemfungia riziki, na tangu hapo hakupokea tena kitu chochote kutoka kwake. Hata mkungu wa ndizi ulioshushwa kutoka Kibosho uliachwa barazani mpaka ukaoza. Nilimwuliza swali moja tu: ukiamka, moyoni unajisikiaje? Alikaa kimya, akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake, kisha akasema, "Naona aibu." Nilitazamia aseme hofu. Ilituchukua alasiri mbili kufika mahali ambapo aibu ile ilikuwa imelala. Mama yake aliugua kwa miezi, yeye akiwa Dar es Salaam kwenye biashara, akituma pesa, na aliyepika uji kila asubuhi katika jiko lile lile ni wifi. Habari ya sufuria aliisema mwenyewe, mimi sikufasiri.

Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, anasimulia kwamba mama yake, Monika, alimlilia sana alipokuwa ameiacha imani, kisha akaota kwamba yeye na mwanawe wamesimama juu ya ubao mmoja. Kijana akajaribu kumfasiria kwamba ndoto ina maana mama atafika aliko mwana. Mama akamjibu mara moja kwamba hakuambiwa hivyo: aliambiwa kwamba alipo yeye, ndipo mwana naye alipo. Miaka karibu tisa ilipita kabla jambo hilo halijatimia. Mwana alikuwa msomi wa kusifika, lakini aliyeijua ndoto ni mwenye ndoto, na mshauri wa Kikristo angefanya vema kuuogopa wepesi ule wa ulimi wa Augustino.

Sisemi ndoto ni upuuzi. Injili ya Mathayo inaonyesha mtoto Yesu akiokolewa na mkono wa Herode kwa ndoto aliyopewa Yusufu wa Nazareti. Lakini Mhubiri naye anatuambia kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi, na Yeremia 23 inaweka ndoto ya nabii kando ya neno la Bwana kama makapi kando ya ngano. Kwa hiyo ndoto inayomtaja jirani kuwa mchawi haina haki ya kusimama kama shahidi, hata mwotaji awe mcha Mungu kiasi gani.

Na kuna ndoto zisizohitaji mfasiri hata kidogo. Jinamizi linalomkaba mtu akiwa macho lakini hawezi kuinua hata kidole hutokea akili inapoamka kabla mwili haujafunguliwa kutoka usingizini, na huwajia zaidi waliokosa usingizi wa kutosha. Zipo pia dawa zinazoleta ndoto kali. Efavirenz, iliyotumiwa kwa miaka mingi na wanaoishi na VVU, inajulikana kwa hilo. Anayekuja na ndoto za namna hiyo aulizwe anatumia dawa gani, arudishwe kliniki akazungumze na daktari, na asiambiwe kamwe aache dawa ili aombewe.

Dada yule alipanda Kibosho Jumamosi moja na kilo mbili za sukari. Waliyozungumza na wifi yake hakuniambia. Ndoto imemrudia mara moja tangu hapo, na safari hii mama alikuwa ameketi. Hakuniuliza maana yake.